Kadi za Njano: Sehemu ya Tisa

"Nisomee tarehe yangu."

Hapo ndipo pumzi ilipotukatikia wiki iliyopita. Mama Faili yuko jukwaani, orodha ya watu thelathini mkononi, na mama mkwe wake kasimama katikati ya ukumbi, mtandio begani, anamtazama.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea usikie kwa ufupi. Baraza la mji limekatwa theluthi ya ruzuku yake. Posho ya mazingira magumu imefutwa, nauli ya likizo imefutwa, bima ya wategemezi imefutwa, na bado haitoshi. Watu thelathini lazima warudi nyumbani. Mwenye orodha ni afisa utumishi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, anayeitwa Mama Faili kwa sababu hata ukimfunga kitambaa machoni atakutolea faili lako masijala bila kukosea. Na namba kumi na saba kwenye orodha ni mfagiaji mkuu wa soko, Bibi wa Soko, mama mzazi wa mumewe. Wanaishi nyumba moja. Asubuhi ile walikunywa chai meza moja.

"Nisomee, mwanangu," mama mkwe akarudia. "Mmesema wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Nataka kusikia niliingia lini."

Mama Faili akafungua faili. Hakuhitaji kulifungua, alifanya hivyo ili macho yapate pa kukaa.

"Tarehe mosi, mwezi wa saba. Miaka saba iliyopita."

Ukumbi ukaguna. Mtu nyuma akacheka kwa hasira.

"Na kabla ya hapo nilikuwa wapi?" Mama mkwe hakupaza sauti. "Lile soko nimeanza kulifagia halijaezekwa. Miaka kumi na tisa nimekuwa kibarua pale, kila siku nyapara ananigongea mhuri kwenye kadi ya njano. Tulipoajiriwa rasmi tukaambiwa turudishe kadi ofisini, miaka yetu iandikwe kwenye faili. Tukazirudisha, watu ishirini na wawili. Mwenzetu mmoja Mungu kamchukua, tumebaki ishirini na mmoja, na wote umetusoma leo. Nauliza tu. Zile kadi ziko wapi?"

Mama yangu! Mama Faili akalifunga faili haraka. Maana yeye alijua ziko wapi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, au ndivyo alivyodhani. Zilikuwa nyumbani kwake, stoo, ndani ya katoni la sabuni, nyuma ya kitanda kibovu cha mtoto.

Mkurugenzi aliyekaa kando yake akakohoa.

"Faili halina kumbukumbu hiyo," akasema.

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu.

"Sawa, mwanangu. Nimesikia."

Akaketi.

Basi hapo likatokea jambo lililomuuma Mama Faili kuliko tusi lolote. Mzibua mitaro mmoja, Mzee Bomba, naye namba ishirini na nne kwenye orodha ileile, akasimama akanyoosha kidole jukwaani.

"Mimi nimeumia, sifichi," akasema. "Lakini ukweli usemwe! Huyu mama hana upendeleo. Kamsoma mpaka mkwe wake! Nani mwingine kwenye baraza hili angeweza?"

"Hakuna!" watu wakaitikia.

"Kama ni panga, limetupiga sote sawa!"

Na wakampigia makofi. Watu aliowanyang'anya miaka yao wakasimama kwenye viti vya plastiki wakampigia makofi kwa uadilifu wake. Mama Faili akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kipaza sauti. Alitaka kulia lakini hata machozi aliyaonea aibu.

"Tunaahirisha hadi saa nane," Mkurugenzi akatangaza, uso umemng'aa. "Saa nane tunagawa barua."

* * *

"Umeniokoa!" Mkurugenzi alisema mara tu mlango wa ofisi yake ulipofungwa. "Nilijua tutapigwa mawe leo. Yule bibi aliposimama nikasema kwisha habari yetu. Kumbe!"

Mama Faili hakuketi.

"Kadi zipo, bosi."

"Kadi zipi?"

"Za njano. Ninazo mimi."

Mkurugenzi akaacha kutabasamu. Akamwonyesha kiti kwa kidevu, na safari hii Mama Faili akaketi.

Sasa ndugu msomaji, usitarajie kusikia kwamba palikuwa na njama kubwa, au kwamba Mama Faili alihongwa. Afadhali angehongwa, angekuwa na cha kujitetea. Miaka saba iliyopita alikuwa mgeni kazini, ana miezi mitano tu. Ijumaa moja alikabidhiwa katoni la kadi ishirini na mbili, kila kadi ni mkunjo wa kurasa zilizojaa mihuri, na akaambiwa ajumlishe miaka ya kila mtu aingize kwenye mafaili. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Akabeba katoni nyumbani ili afanye kazi mwishoni mwa juma.

Jumamosi kulikuwa na harusi ya rafiki yake. Akaenda, akacheza mpaka viatu akavishika mkononi. Jumapili akalala.

Jumatatu wakaguzi wakafika saa mbili kasoro. Mbele yake fomu ishirini na mbili, na chini ya kila fomu sentensi moja iliyochapwa tayari: Nathibitisha kwamba mtajwa hana utumishi wa awali. Alichotakiwa kufanya ni kuikata sentensi ile na kuandika miaka. Hakuwa na miaka ya kuandika. Akatia sahihi, akijiambia atarekebisha wiki ijayo.

Wiki ijayo haikufika. Kusema "nilisahau" baada ya mwezi ni aibu ndogo. Baada ya mwaka ni aibu kubwa. Baada ya miaka mitatu mtu anatafuta namna ya kutopita stoo. Na kila mara wafagiaji walipomuuliza, "Miaka yetu vipi, mama?", aliwajibu, "Inashughulikiwa makao makuu." Walimshukuru. Mzee Bomba siku moja ya mvua alimshikia mwavuli kutoka getini mpaka mlangoni kumshukuru.

Aliyasimulia yote haya kwa Mkurugenzi huku akiangalia viatu vyake. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, kwenye meza yake kuna vidonge vya kichwa. Akavuta karatasi.

"Tuhesabu," akasema. "Nikiwatoa hao ishirini na mmoja kwenye orodha, nahitaji wengine ishirini na mmoja. Thelathini ni thelathini, hilo halijadiliwi, limetoka juu. Tangu wao waajiriwe, nafasi zimefungwa. Wale tisa walioingia kabla yao kidogo wamo orodhani tayari, kwa hiyo anayefuata kutoka ni aliyewatangulia hao. Unamjua ni nani?"

Mama Faili alimjua.

"Ni wewe. Wa kwanza kabisa. Lakini wewe hata hutapunguzwa, wewe utafukuzwa, kwa sababu sahihi ishirini na mbili za uongo si jambo la barua ya onyo. Bila kiinua mgongo, bila hata cheti cha utumishi. Mumeo anafanya nini vile?"

"Fundi wa majokofu."

"Na mtoto?"

"Kidato cha pili."

Mkurugenzi akasukuma vidonge vyake pembeni.

"Sikiliza. Mimi pia nina mama. Nenda kaniletee kadi moja. Moja tu, ya mkweo. Saa nane nitasema imeonekana masijala, imenasa kwenye faili jingine. Yule bibi atatoka kwenye orodha, watu watafurahi kwa sababu wanampenda, na wewe utalala usingizi. Hizo nyingine zikae hukohuko zilikokaa."

Msomaji, natamani nikwambie kwamba Mama Faili alisimama akapiga meza. Hakupiga.

"Sawa, bosi," akasema. Na alipotoka nje alijisikia nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

* * *

Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Alizitumia saba. Aliingia kwa mlango wa nyuma akinyata kwenye nyumba yake mwenyewe, akapita jikoni, akafungua stoo, akasogeza kitanda kibovu.

Katoni halikuwepo.

Akasogeza ndoo. Akasogeza magunia. Akainua godoro la zamani, vumbi likampiga usoni. Hakuna kitu.

"Unatafuta hili?"

Mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mbele yake juu ya meza lilikuwa katoni la sabuni.

Mama Faili akakaa sakafuni.

"Mama... umelipata lini?"

"Leo nimelitoa tu. Kulipata nimelipata miaka mitano iliyopita, natafuta kibatari umeme umekatika. Kusoma sijui sana, lakini kadi yangu naijua. Pembeni imeungua, niliiweka karibu na pasi. Nikaishika, nikaifuta, nikairudisha."

"Miaka mitano! Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani?" Mama mkwe akainua mguu mmoja, akaukausha kwa kitambaa. "Nimwambie mwanangu mkeo ni mwongo? Nimwambie Mkurugenzi? Niwaambie wenzangu sokoni, wakuchanie nguo barabarani? Wewe ni mkwe wangu. Siwezi kukuvua nguo. Nikasema huyu atasema mwenyewe. Leo, kesho, atasema. Kila ukiniwekea chai asubuhi nafikiri ni leo."

Mama Faili akaziba uso kwa mikono miwili. Miaka mitano ya chai! Alikumbuka jinsi mama mkwe alivyokuwa na tabia ya kukishika kikombe muda mrefu kabla ya kunywa, kama mtu anayesubiri jambo, na yeye akidhani chai ni ya moto.

"Leo nikasimama mbele za watu nikakupa nafasi," mama mkwe aliendelea. "Nilikuuliza wazi, ziko wapi. Nikadhani ukiulizwa na mimi utashindwa kudanganya. Ukaweza."

"Nisamehe, mama."

"Umekuja kuchukua?"

"Ndiyo."

"Zote?"

Mama Faili akalitazama katoni.

"Mkurugenzi amesema... moja. Yako."

Loo! Mama mkwe hakufoka. Alicheka. Alicheka kicheko kifupi cha puani, kile alichokuwa akiwachekea wanaotupa taka barabarani huku pipa liko hatua mbili.

"Yangu. Halafu kesho nirudi sokoni na fagio langu, niwapite wenzangu getini wakigawana nauli ya kurudi makwao. Wakiniuliza wewe umeponaje, niseme nina mkwe mzuri. Si ndiyo?"

"Mama, nikizitoa zote nafukuzwa. Sibaki na kitu. Mtoto yuko shule."

"Najua."

"Hata hao hawatanishukuru. Watanitukana."

"Watakutukana, na watakuwa na haki." Mama mkwe akavaa kandambili. "Mwanangu, mimi nimefagia miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona aibu kwa kazi yangu. Watoto wamenizomea, wenye maduka wamenimwagia maji machafu miguuni, sijaona aibu. Aibu niliijua siku nilipofungua hili katoni, na si yangu. Nimekubebea miaka mitano. Sasa nimechoka, lichukue mzigo wako."

Mama Faili alilia. Alilia kwa sauti, bila kujali majirani, kamasi na machozi pamoja. Mama mkwe alimwacha alie.

"Basi," akasema baadaye. "Nenda kanawe uso. Huwezi kwenda mbele za watu na sura hiyo. Mimi nitalifunga vizuri, lisije likamwagika njiani."

Mama Faili akaenda bafuni, akajimwagia maji mpaka kifua kikalowa. Aliporudi, katoni lilikuwa limefungwa kwa kamba, mafundo mawili. Mama mkwe alikuwa ameshajitanda mtandio, anamsubiri mlangoni.

* * *

Saa nane na dakika tano. Barua thelathini zimepangwa mezani. Mkurugenzi alipomwona Mama Faili anaingia na katoni zima mikononi, rangi ilimtoka.

"Nimesema moja," akamnong'oneza.

Mama Faili alimpita. Akapanda jukwaani, akaweka katoni juu ya zile barua, akavuta kipaza sauti.

"Asubuhi nilisema uongo," akasema.

Watu walikuwa bado wanaketi. Baadhi walidhani hawakusikia vizuri.

"Kadi za njano zipo. Mlizirudisha kama mlivyoambiwa. Nilipewa mimi. Nilizipeleka nyumbani nijumlishe miaka yenu, nikaenda harusini. Halafu nikatia sahihi kwamba hamna miaka. Makao makuu hayajawahi kupelekewa kitu. Niliwadanganya kwa miaka saba. Ni hizi hapa."

Waliokuwa wameketi wakasimama tena.

Wa kwanza kuongea alikuwa Mzee Bomba. Alisogea mpaka mbele ya jukwaa, kofia mkononi.

"Harusini?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi nimekaa ndani ya mtaro miaka kumi na minne. Nimetoka na kikohozi hiki. Wewe ukaenda harusini?"

Mama Faili akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi asubuhi nikakupigia makofi," Mzee Bomba akasema, akajipiga kofi la shavu mwenyewe, taratibu. "Nimekupigia makofi mimi!"

Hapo ukumbi ukalipuka. Matusi yakaja ya kila aina, ya nguoni na ya ukoo mzima. Mwanamke mmoja, mjane wa yule mwenzao aliyefariki, alisimama kwenye kiti. Yeye alikuja kusindikiza tu. "Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na nane!" akapiga kelele. "Nililipwa ya mitano! Nikaambiwa ndivyo faili linavyosema! Ni wewe uliyeniambia, dirishani, ukanipa na pole!"

Ni kweli. Alimpa pole. Mama Faili alilikumbuka dirisha, aliikumbuka hata kalamu aliyomwazima mjane yule kutilia sahihi. Akainamisha kichwa akayapokea yote, hakuna hata tusi moja lililokosea njia.

Katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye kwa sauti yake wote walimwita Kipaza, akarukia jukwaani.

"Tulieni! Matusi baadaye! Kadi kwanza!" Akakata kamba kwa meno. "Zikihesabiwa hizi, orodha yote imekufa. Hakuna barua hata moja itakayotoka hapa!"

"Ngoja kidogo," Mkurugenzi akasema.

Alikuwa amesimama. Rangi yake ilikuwa imerudi, na sauti ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Katibu, wewe ni mtu wa haki. Nikuulize. Hizi kadi zimekaa wapi miaka saba?"

"Kasema mwenyewe. Nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake anaishi na nani?"

Kipaza akamgeukia Mama Faili.

"Na Bibi wa Soko," Mkurugenzi akasema, akiwageukia watu. "Namba kumi na saba. Asubuhi mkwe anasomwa, mchana katoni linaokotwa nyumbani kwa mkwe, na ndani, naapa mtaona, mna kadi ya mkwe yenye miaka tele. Nani atathibitisha kwamba hizi hazikugongwa mihuri juzi sebuleni? Nyapara aliyekuwa anagonga alishafariki. Mimi siwezi kupeleka juu karatasi zilizopikwa na familia moja ili kumwokoa mama yao. Watazitupa zote. Zote!"

Minong'ono. Mama Faili aliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine. Watu walianza kumtazama Bibi wa Soko kwa jicho la pembeni, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Yeye wamtukane, lakini huyu!

"Hesabu," sauti ikasema kutoka katikati ya ukumbi. Ilikuwa ya mama mkwe. "Katibu, si umeshafungua? Hesabu."

Kipaza akaanza. Akainua kadi ya kwanza, akasoma jina, mwenyewe akasogea akaiangalia, akaikumbatia. Ya pili. Ya tano. Ya kumi. Mzee Bomba alipoishika yake alikuta doa la tope la mtaro alilolijua, akaonyesha watu doa lile kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Mjane akapewa ya marehemu, akaiweka kifuani akatoka nje.

Ishirini. Ishirini na moja.

Kipaza akatia mkono ndani ya katoni. Akalipindua. Akalipiga kofi chini.

"Ziko ishirini na moja," akasema. "Ya Bibi wa Soko haimo."

"Imo!" Mama Faili akaropoka. "Imo, imeungua pembeni! Tazama vizuri!"

Akalinyakua katoni akatazama mwenyewe. Chini kulikuwa na vumbi la sabuni tu. Akainua macho, akamkuta mama mkwe kasimama.

"Msisumbuke," mama mkwe akasema. "Mimi sikuwahi kuwa na kadi. Niliingia kazini tarehe ile aliyonisomea asubuhi. Hii familia haina inachokipata kwenye katoni hilo."

Wafagiaji waliokuwa naye tangu soko halijaezekwa wakatazama sakafu. Kila mmoja alijua, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Mkurugenzi naye alifungua wake, akaufunga, akaketi. Kadi zilikuwa safi, kwa sababu ndani yake hamkuwa na hata moja ya familia ya aliyezileta.

Ndipo Mama Faili alipokumbuka. Nenda kanawe uso. Mimi nitalifunga vizuri.

Mkurugenzi akavuta fomu moja tupu ya uthibitisho kutoka kwenye faili la Bibi, akaisukuma mezani.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Ishirini wanatoka kwenye orodha. Wewe na mimi tutaongea baadaye kuhusu kazi yako. Lakini bado wewe ni afisa utumishi mpaka jioni, na Bibi amesema mwenyewe hana kadi. Thibitisha."

Mama Faili akaisoma ile sentensi iliyochapwa. Ilikuwa haijabadilishwa hata nukta. Nathibitisha kwamba mtajwa hana utumishi wa awali. Miaka saba iliyopita aliitilia sahihi mara ishirini na mbili kabla chai haijapoa. Leo kalamu ilimshinda kuinua.

"Tia sahihi, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ile ya kwanza hukuniomba ruhusa. Hii nakuomba mimi."

Mama Faili akaiweka kalamu chini. Akashuka jukwaani. Watu wakampisha, akapita katikati ya viti mpaka alipofika mbele ya mama mkwe, na pale pale mbele ya baraza zima akapiga magoti. Kwenye pindo la mtandio aliona fundo gumu, na kwenye mkunjo wa fundo kipande cha njano, kimeungua pembeni.

"Mama, nipe," akasema. "Nakuomba. Nipe."

Mama mkwe akalifunika fundo kwa kiganja chake.

"Ukiligusa hili," akasema kwa sauti ambayo Mama Faili peke yake aliisikia, "usiniite mama tena."

Na vidole vya Mama Faili vilikuwa vimeshafika kwenye fundo.